Taarifa ya Rufani Niliyoingia Nayo Msibani

Nimechoka kuulizwa habari za mahakama. Nimestaafu, magoti yananiuma, lakini nikienda dukani kununua sabuni tu, atatokea mtu na bahasha ya kaki kwapani. "Mzee wa mahakama, shikamoo, hebu nisomee hapa wanasemaje." Namsomea. Nifanyeje? Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa masjala hapa Bariadi. Sikuwa hakimu wala wakili. Nilipokea karatasi, nikagonga muhuri, nikaandika tarehe, nikafungua jalada, na mtu alipokuja mwaka wa pili kuulizia karatasi yake, nilijua ilipo. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Lakini kwa watu wa huku, ukishakaa ndani ya jengo la serikali mpaka mvi zikakutoka, basi unajua kila kitu, na ukisema hujui wanasema unaringa.

Wakishasomewa, wengi wananiuliza swali nisilolipenda. "Na ile kesi ya mama yako iliishaje?" Wapo wanaouliza kwa huruma. Wapo wanaotaka kwenda kuchekea pembeni, kwamba karani aliyekuwa akiwahesabia wenzake siku, rufani ya mama yake mzazi ilikufa kwa kuchelewa siku mbili. Nimeamua kuiandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Nilipoanza kazi, masjala ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, meza mbili na popo darini. Karani mkuu aliyenipokea alikuwa mtu wa Bukoba, aliyehamishiwa huku akiwa kijana na kuzeekea hukuhuku. Kisukuma chake kilikuwa cha salamu tu, mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, na baada ya hapo alikaa kwenye Kiswahili cha taratibu. Alipenda kufundisha. Mimi nilikuwa nawaza saa ya kwenda kula, yeye ananieleza karatasi zinakwenda wapi zikitoka mikononi mwetu.

"Zinapanda Mahakama Kuu," alisema. "Zikitoka hapo zinapanda Rufani. Baada ya Rufani hakuna tena. Mtu ambaye hakuridhika na Rufani akate kwa Mungu, na kule nako foleni ni ndefu."

Yeye ndiye aliyenipa historia ya hiyo Rufani. Zamani nchi tatu zilikuwa na mahakama moja ya rufani, majaji walewale wakisikiliza watu wa Kenya, wa Uganda na wa kwetu. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikachukua sufuria yake, na sisi tukaunda Mahakama ya Rufani yetu wenyewe. Kule Dar es Salaam ikakaa kwenye jengo la karibu na bandari ambalo kabla ya majaji lilikuwa hoteli. Niliposikia hivyo nilicheka mpaka akaninunia. Nilikuwa nimewaona kichwani majaji mapokezini, wamebeba majoho yao, wanapewa funguo za vyumba na kuulizwa chai watakunywa saa ngapi. Kijana hana adabu. Jengo hilo sijaliona kwa macho mpaka leo, ila nimeandika anwani yake kwenye bahasha mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu unaijua.

Lakini ubora wa mahakama ile, karani mkuu alisema, haukai kwenye nyumba yake. Ina miguu. Majaji wanafunga safari, wanakaa wiki mbili tatu kwenye ukumbi wa Mahakama Kuu ya kanda, wanasikiliza za huko, wanaondoka. Za kwetu zilisikilizwa Tabora au Mwanza. Baadaye Shinyanga ikapata Mahakama Kuu yake, safari ikapungua, na mkulima wa Dutwa aliweza kupanda basi la alfajiri akafika kabla ya saa tatu. Siku za vikao hivyo sisi makarani tulikuwa hatulali vizuri. Kila jalada lihesabiwe kurasa, kila nakala isomeke, kila muhuri uonekane. Karani mkuu alikuwa akilamba kidole na kufunua ukurasa mmojammoja, midomo ikicheza.

Siku hizi mahakama hiyo ina jengo lake refu kule Dodoma. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu, vioo vinang'aa, ngazi pana, bendera. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilitamani yule mtu wa Bukoba angekuwa hai aone. Na karatasi nazo siku hizi haziji dirishani, zinaingizwa kwenye mtandao, mtu anakaa kwenye duka la stationery sokoni na kesi yake inafika kabla hajalipia. Majengo yamebadilika, mashine zimebadilika. Kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni siku. Kila hatua ina siku zake, na siku zikipita zimepita.

Nilikuwa mkali kwenye hilo. Nakiri. Mtu alikuja dirishani ametoka Zagayu kwa baiskeli, jasho mpaka kwenye viatu, ananyoosha karatasi yake, na mimi natazama tarehe namwambia, "Ungekuja juzi." Anasema ng'ombe waliibiwa, mtoto alilazwa, mto ulijaa. Mimi najibu, "Pole, lakini ungekuja juzi." Nilikuwa sioni vibaya. Niliona namwambia ukweli mapema, asiende kupoteza nauli ya Shinyanga.

Sasa nije kwa mama.

Baba alipofariki aliacha nyumba ya bati, ngitili ndogo ya kulishia ng'ombe wakati wa kiangazi, shamba la pamba na majaruba manane ya mpunga upande wa Dutwa. Mama aliendelea kukaa pale na kulima. Alikuwa na mikono ya kazi yule mama, hata sisi watoto wake tulikuwa tunamwogopa akishika jembe. Miaka ikapita, kisha mdogo wake baba, ambaye kwangu ni baba mdogo, akasema ardhi ile haikuwa ya kaka yake bali ya ukoo, kaka alipewa aitumie tu, na sasa ukoo unaitaka. Wakaenda baraza la ardhi, mama akashinda. Baba mdogo akapanda Mahakama Kuu, akashinda yeye. Sina neno na hukumu yoyote kati ya hizo mbili. Nimesoma hukumu nyingi mno kuweza kugombana nazo. Ilibaki ngazi moja. Mama asiposhinda Rufani, anatoka kwenye nyumba ile na kwenye majaruba yale, na baba anabaki peke yake kaburini nyuma ya zizi.

"Tupande," aliniambia.

Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia. Wakili hatukuwa na uwezo wa kumweka mpaka mwisho, tukasema karatasi nitaziandaa mimi, na siku ya kusikilizwa mama atasimama mwenyewe. Hatua ya kwanza ni ndogo kabisa. Ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosema kwamba fulani hakuridhika na anakusudia kukata rufani. Inaitwa taarifa ya rufani. Ukishaisajili, una siku kumi na nne za kumfikishia nakala yule unayemkatia, asaini kwamba ameipokea. Siku kumi na nne ni nyingi. Kutoka Bariadi mpaka kwa baba mdogo ni mwendo wa pikipiki, hata chai hainywewi njiani.

Nikaisajili. Kesho yake, siku ya pili, nikakunja nakala mara tatu nikaitia mfuko wa shati, nikachukua bodaboda. Tulipokata kona ya kwenda kwake nikasikia kilio.

Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa ameanguka na pikipiki usiku uliopita, barabara ya kwenda Lamadi. Ameacha mke na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Baba mdogo alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha, kofia iko mavumbini. Aliponiona hakulia. Alisema tu, "Umekuja, mwanangu." Nikakaa karibu naye. Karatasi ilikuwa inanichoma kifuani, nikafunga kifungo cha mfuko.

Mtu wa nje anaweza kusema, ungempa tu. Au ungempa mtendaji wa kijiji amfikishie. Huyo hajui kwetu. Kwetu msibani hakuna kesi. Mliogombania mpaka wa shamba mnapikiana chungu kimoja, mliokuwa hamsalimiani mnalala kwenye turubai moja. Na mtu atakayetaja ugomvi pale, achilia mbali kutoa karatasi yenye muhuri, watu hawatamsema kwa kukosa adabu tu. Watasema amefurahi. Watasema, "Shamba na kifo vimekuja siku moja, hebu tujiulize." Neno la namna hiyo, la uchawi, likishatoka kijijini kwetu, mama mzee mjane halimwachi salama. Nimeona mashauri yaliyoanza na maneno kama hayo. Nimeyafungulia majalada.

Mama alifika mchana, kwa miguu, ameshafunga kanga kiunoni. Hakuja kutoa pole akaondoka. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wa baba mdogo, akamshika kichwa, wakalia mpaka sauti ikawakauka. Jioni nilimvuta mama pembeni.

"Mayu, ile karatasi ninayo."

Aliniangalia kama nimemwonyesha nyoka. "Irudishe ulikoitoa."

"Siku zinahesabiwa."

"Mimi nilizaa mtu au nilizaa samansi?" alisema, akarudi ndani kupepeta mchele.

Mazishi yalisubiri ndugu wa marehemu aliyekuwa Mtwara. Tukazika siku ya tano. Kwa kuwa baba mdogo hakuwa na mtoto mwingine mkubwa aliyekuwepo mapema, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wa nyumba ile yote, niliambiwa nishike jembe la kwanza kaburini. Nikavua shati nikalitundika kwenye tawi. Nilichimba huku nalitazama lile shati. Nilimpenda yule kijana, alikuwa mcheshi, alikuwa akiniita "mheshimiwa" kwa utani tangu akiwa darasa la tatu. Na bado nilikuwa nachimba nahesabu, tano, sita, saba. Nilijichukia. Hivi ndivyo kazi inavyomfanya mtu.

Matanga yalivunjwa siku ya tisa. Nikasema sasa. Lakini mke wa baba mdogo akaanguka, presha ikapanda, mama akabaki kumuuguza. Siku ya kumi na tatu nikaenda tena, nimedhamiria, nimevaa hata viatu vya kazini ili nijipe moyo. Baba mdogo alikuwa nje, kichwa kimenyolewa, wajukuu wawili wamemlalia miguuni. Mama yangu ndiye aliyetuletea ugali na maziwa mgando. Tukanawa, tukala bakuli moja. Baba mdogo alipomaliza akafuta mdomo, akasema, "Sasa mkubwa umebaki wewe. Haya mengine tutayamaliza wenyewe."

Nilikuwa nimeshaingiza vidole viwili mfukoni. Nikavitoa.

Nilirudi Bariadi nikiwa sijampa. Siku ya kumi na nne nilikaa kitandani natazama ukuta, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa. Siku ya kumi na sita mama mwenyewe aliniambia mgonjwa ameamka na anakula, nikampelekea mtendaji ile karatasi, naye akamfikishia baba mdogo, akaisaini. Ilikuwa na mikunjo na doa la jasho. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa. Nilijua kabisa dawa ya kuchelewa. Unaandika maombi ya kuongezewa muda, unaeleza sababu, unapeleka haraka. Nimeyapokea maombi hayo kwa mamia. Sikuandika. Nilijiambia tutayamaliza wenyewe, baba mdogo amesema. Nilijiambia ni siku mbili tu, nani atatazama?

Wakili wa baba mdogo alitazama. Kijana mdogo, suti imembana, anafanya kazi yake. Baba mdogo hakujua chochote, nina hakika na hilo; yeye alimpa karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni, na kijana akazipanga kwa tarehe kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Akaomba rufani yetu iondolewe kwa kuchelewa kumfikishia taarifa.

Tulisikilizwa Shinyanga, kikao cha Rufani kilipokuja. Nilimnunulia mama kanga mpya na ndala za kamba. Ukumbi ulikuwa wa Mahakama Kuu, wameuazima kwa wiki hizo, majaji watatu wamekaa juu na wakalimani wako tayari. Maisha yangu yote nilikuwa nafunga majalada ya kuja kwenye meza ile, na sikuwahi kuiona. Niliona haya kwamba naiona kwa mara ya kwanza nikiwa na kosa. Kwa kuwa mimi si wakili, nilikaa benchi la nyuma, mdomo nimeufunga.

Jaji wa katikati alikuwa mpole. Alimwambia mama akae, mama akasema atasimama.

"Bibi, unakubali kwamba mwenzako alipata taarifa siku ya kumi na sita?"

Mkalimani akamgeuzia Kisukuma. "Nakubali," mama akajibu.

"Sababu ilikuwa nini?"

"Tulikuwa na msiba."

"Msiba wa nani?"

Mama akanyoosha mkono. "Wa mtoto wa huyu."

Yule wakili kijana akafunua karatasi zake, akasema jambo hilo halimo kwenye kiapo chochote kilichowasilishwa. Ilikuwa kweli. Jaji akamtazama baba mdogo, akamwuliza kama ni hivyo. Wakili alimgusa mkono wa koti, lakini baba mdogo akasimama.

"Ni kweli, mheshimiwa. Na yule kijana wake aliyekaa nyuma pale ndiye alishika jembe la kwanza."

Kijana! Nina miaka sitini na ushee. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani sakafu ya Shinyanga ipasuke.

"Mahakama inawapa pole nyote," jaji alisema, na nadhani alikuwa anamaanisha. "Bibi, baada ya msiba mliomba kuongezewa muda?"

Mama alisikiliza tafsiri. Aligeuka taratibu, mzima mzima, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Kisha akawarudia majaji.

"Mimi sijui. Mwanangu ndiye anayejua."

Haki ya Mungu, nimefokewa na mahakimu, nimetukanwa na walevi dirishani, lakini sijawahi kuumia kama siku ile.

Uamuzi ulisomwa kabla kikao hakijafungwa. Rufani iliondolewa. Walisema wameguswa, lakini sheria imempa njia mtu aliyekwama, na sisi hatukuipita. Kila neno lilikuwa sahihi. Ningeambiwa niandike mimi, ningeandika hivyohivyo. Kwenye basi la kurudi mama alilala begani kwangu, mwepesi, na mimi nilikuwa nawakumbuka wale wa "ungekuja juzi" mmoja baada ya mwingine.

Baba mdogo alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Hakujisifu. Alisema ana wajukuu watatu wasio na baba, majaruba yale watayala wao, na shemeji yake akae mpaka avune. Mama akamwambia sawa. Akavuna. Kisha akaja kwangu hapa mjini na vyungu vyake, kuku sita na kitanda cha kamba, akapewa chumba cha nyuma. Asubuhi anaamka kabla ya watu wote, anafagia uwanja ambao umeshafagiwa, halafu anakaa. Hana la kulima. Mikono ameiweka mapajani na anaitazama. Mtu akiniuliza umaskini ni nini, nitamwonyesha hiyo mikono.

Sikuweza kuvumilia. Rufani ikiondolewa haijafa kabisa. Unaweza kuomba muda upya, mradi ueleze ucheleweshaji wako siku kwa siku, usiruke hata moja. Ndivyo mahakama inavyotaka na ni haki. Nikakaa mezani wiki nzima na miwani yangu, nikaandika kiapo cha mama kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandika kitu maishani. Nilikiona kizuri. Mtu wa Bukoba angelamba kidole na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikakichapisha, nikampeleka mama kwa kamishna wa viapo, wakili mwanamke, binti wa Maswa, mwenye adabu, anayejua Kisukuma. Kwa kuwa mama hasomi, ilibidi asomewe chote kwanza ndipo aweke dole gumba. Mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimeshamkandamiza kidole kwenye pedi ya wino. Akakaa amekiinua juu, asichafue kanga, anasikiliza.

Yule binti alisoma vizuri, kwa Kisukuma cha pole pole. "Siku ya pili nilizuiwa na msiba. Siku ya tatu nilizuiwa na msiba. Siku ya nne nilizuiwa kwa kusubiri mwili. Siku ya tano nilizuiwa na mazishi."

"Subiri," mama akasema. "Nani alizuiwa?"

"Wewe, mayu," nikamwambia. "Ni wewe unayesema hapo."

"Sikuzuiwa. Mtu aliyezuiwa ana anakokwenda. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye msiba ule, nikafika."

"Ndivyo inavyoandikwa. Lazima tuseme kuna kitu kilitukwaza."

"Yule mtoto nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa anaumwa. Mimi niseme alinikwaza?"

Nikapandwa na hasira. Niliinuka, nikapiga meza ya watu, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. "Mayu, usipoweka kidole hapo ardhi imekwenda! Nyumba imekwenda, mzee utamwacha kule na watu wengine! Haya ni maneno ya karatasi tu!"

Yule binti akainamisha macho. Mama hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shule nimepigwa.

"Kama ni maneno ya karatasi tu," alisema, "siku ile ulikula naye bakuli moja. Mbona hukumpa?"

Nikakaa chini. Kisha nikamwomba yule binti maji kidogo na sabuni, nikachukua mkono wa mama, nikaanza kumwosha kidole.